Waliozika Hawakurudi: Hazina ya Wakelti na Uaminifu wa Walioiibua

Katika kila nchi iliyowahi kupitiwa na vita watu wazima wanaijua desturi hii. Mlio wa bunduki unapokaribia, baba huutazama mlango, mama huwatazama watoto, na kile kidogo chenye thamani ambacho hakiwezi kubebwa njiani hufukiwa nyuma ya jiko au chini ya mgomba. Hufukiwa kwa tumaini kwamba amani itarudi, na mwenyewe atakuja kukichimbua kwa mkono wake. Wako wanaorudi. Wako pia wasiorudi, na siri yao hubaki na udongo.

Habari tunayowaletea juma hili ni ya watu ambao hawakurudi, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na ya wanaume wawili walioikuta amana yao mwaka 2012. Ni habari ya fedha nyingi, lakini ndani yake mna jambo kubwa kuliko fedha, nalo ni lile linalompata mtu pale anapokuwa peke yake shambani, hapana shahidi, na jembe lake limegonga mali isiyo yake.

KAULI YA MAMA MMOJA

Kati ya Uingereza na Ufaransa, katika mlango wa bahari unaozitenga nchi hizo mbili, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Jersey. Kutoka hapo hadi pwani ya Ufaransa ni kama kilometa 22 tu, hata siku ya hewa safi mtu huweza kuiona nchi ile ng'ambo kwa macho yake. Kisiwa hiki ki chini ya Ufalme wa Uingereza, walakini kina serikali yake na sheria zake. Wenyeji wake ni wakulima, wavuvi, na siku hizi watu wa mabenki na watalii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkazi mmoja wa kisiwa hicho, Bwana Reg Mead, aliambiwa na mama mmoja kwamba zamani katika shamba fulani la upande wa mashariki ziliwahi kuonekana sarafu za fedha ndani ya chungu cha udongo. Hiyo ndiyo habari yote aliyoipata. Hapakuwa na ramani, wala alama, wala aliyeweza kuonyesha mahali penyewe kwa kidole.

Wengine wangaliisikia kauli hiyo na kuicheka, maana hadithi za vyungu vya fedha husimuliwa katika kila kijiji duniani. Bwana Mead na rafiki yake, Bwana Richard Miles, waliichukua kwa uzito. Wote wawili walikuwa na mazoea ya kutembea mashambani na chombo cha kugundulia metali, yaani chombo kiwezacho kutambua dhahabu, fedha, shaba, chuma na mfano wake zikiwa zimefunikwa na udongo.

Walimwendea mwenye shamba, wakaomba ruhusa. Mwenye shamba aliwakubalia, ila kwa sharti: wasiingie kabla mazao hayajavunwa. Kwa hiyo kila mwaka walipata nafasi ya saa chache tu, kumi au kumi na tano, baina ya mavuno na kulima tena. Wakienda, wakitafuta, wakirudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata wakaenda tena. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka thelathini. Vijana walioanza nao kazi katika umri mmoja walikwisha kuwa mababu, nao bado walikuwa wakilipima shamba lile hatua kwa hatua.

SIKU YENYEWE

Mwanzoni mwa mwaka 2012 chombo kililia. Walichimba, wakapata sarafu za fedha zipatazo sitini, na moja ya dhahabu. Hapo walijua kwamba yule mama hakusema uongo. Walitafuta chombo chenye nguvu zaidi, kiwezacho kusikia mbali chini ya ardhi, wakarudi shambani.

Mwezi Juni mwaka ule ule walipata ishara kubwa. Wakachimba kiasi cha mita moja kwenda chini, hadi jembe likagonga kitu kigumu ambacho hakikuwa jiwe. Walipolivuta, udongo ulitoka na vipande vya mviringo vyenye rangi ya kijani, kwa kuwa shaba iliyochanganywa na fedha huota kutu ya kijani ikikaa chini ya ardhi.

Hapa ndipo, msomaji, tunapokuomba utulie kidogo. Watu hawa wawili walikuwa wameitafuta mali hii miaka thelathini. Hapakuwa na polisi pale, wala afisa, wala jirani. Wangaliweza kuendelea kuchimba, wakajaza magunia, wakaondoka nayo usiku. Badala yake waliacha kuchimba. Wakawaita wataalamu wa mambo ya kale wa kisiwani.

Wataalamu walipofika na kuchimba pembezoni kwa uangalifu, walilikuta donge moja kubwa la sarafu zilizoshikamana kwa kutu, lenye urefu wa sentimeta 140 hivi, upana wa sentimeta 80 na unene wa sentimeta 20, na uzito uliopita nusu tani. Hawakuthubutu kulibomoa palepale. Walilifunga kwa ustadi, wakaliinua zima kwa winchi mbele ya watu, likapelekwa mahali penye ulinzi.

CHOMBO KILICHOZALIWA NA HAJA YA KUOKOA MAISHA

Askari wetu watakitambua chombo hiki mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa kile kinachotumiwa na wahandisi wa jeshi kutafuta mabomu yaliyotegwa ardhini. Asili yao ni moja.

Ndani ya sahani ya mviringo iliyo mwisho wa fimbo kuna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme upitapo katika waya huo huzaa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na kipande cha metali, nacho huzaa umeme mdogo ndani yake na kurudisha nguvu yake ya sumaku. Chombo huihisi nguvu hiyo iliyorudi, kikalia masikioni mwa mtumiaji. Udongo mtupu haulii, na mfupa haulii.

Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi imekaa wapi. Alexander Graham Bell, ambaye sifa zake za kuvumbua simu zilikuwa zimekwisha enea, aliunda chombo cha namna hii akakipitisha juu ya mwili wa mgonjwa. Hakufaulu, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba kitanda cha Rais kilikuwa na springi za chuma zilizokuwa zikikidanganya chombo. Rais alifariki dunia mwezi Septemba mwaka huo.

Ilipofika Vita Kuu ya Pili, afisa wa jeshi la Poland aliyekuwa amekimbilia Scotland, Luteni Józef Kosacki, alitengeneza chombo ambacho askari mmoja aliweza kukibeba na kukitumia akiwa amesimama. Vyombo 500 vya aina hiyo vilipelekwa jangwani huko Misri mwaka 1942, vikatumika kusafisha njia katikati ya mabomu kabla ya vita vya El Alamein. Kosacki hakudai malipo ya uvumbuzi wake, bali alilipa jeshi la Uingereza kuwa zawadi. Baada ya vita vyombo vya jeshi viliuzwa madukani, vikapunguzwa uzito, na katika miaka ya 1960 na 1970 vikaingia mikononi mwa raia. Basi chombo kilichoundwa ili askari asikanyage mauti kikawa ndicho kinachofichua yale yaliyozikwa na askari na raia wa kale.

MSHAHARA WA ASKARI

Wakelti walikuwa akina nani? Hili si jina la taifa moja lenye mfalme mmoja. Ni jina la makabila mengi yaliyokaa Ulaya ya magharibi na ya kati kabla ya Warumi kuwashinda, yenye lugha za ukoo mmoja. Walikuwa wakulima na wafugaji, mafundi hodari wa chuma na dhahabu, na watu wa vita.

Sarafu zao zina hadithi ambayo kila mtu aliyewahi kusimama foleni ya mshahara kambini ataielewa. Katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Kristo, Mfalme Philip wa Pili wa Makedonia, baba yake Alexander Mkuu, alipiga sarafu za dhahabu zenye sura ya mungu wao Apollo upande mmoja, na gari la vita lenye farasi wawili upande wa pili. Wakelti waliajiriwa kuwa askari wa kulipwa katika majeshi ya wafalme wa kusini, nao walirudi makwao na sarafu kama hizo mifukoni. Walipotaka kupiga sarafu zao wenyewe, waliiga ile waliyoizoea.

Walakini mwigo uliigwa tena, na mwigo wa mwigo ukaigwa, kizazi baada ya kizazi. Nywele za Apollo zikageuka mawimbi na mizunguko. Gari likapotea, akabaki farasi mmoja, na katika sarafu za kabila la Coriosolites farasi huyo akaota kichwa cha mtu. Chini ya miguu yake fundi aliweka nguruwe mwitu au kinanda cha nyuzi. Mtu asiyejua atadhani fundi alishindwa kuchora. Wajuao husema kwamba fundi aliacha kuiga, akaanza kusema kwa lugha yake mwenyewe.

Sarafu nyingi za Jersey ni za hao Coriosolites, kabila lililokaa pwani ya kaskazini ya nchi iitwayo leo Brittany, Ufaransa. Mji mdogo wa Corseul uliopo huko hadi leo umepata jina lake kutokana na kabila hilo. Sarafu hizo si fedha tupu, bali ni fedha iliyochanganywa na shaba nyingi. Wataalamu wanaona katika mchanganyiko wa namna hiyo dalili za dola iliyobanwa na gharama, kwani vita hula fedha, na fedha ikipungua fundi huongeza shaba.

HILA YA SABINUS

Vita yenyewe tunaijua, kwa sababu mshindi aliiandika. Kuanzia mwaka 58 kabla ya Kristo, jemadari wa Kirumi Julius Caesar aliivamia Gallia, ambayo sehemu yake kubwa ni Ufaransa ya leo. Mwaka 56 makabila ya pwani yaliasi. Caesar alimtuma mkuu wake mmoja, Quintus Titurius Sabinus, na vikosi vitatu vikubwa kuwakabili Wavenelli, Walexovii na Wacoriosolites waliokuwa wamejikusanya chini ya kiongozi wao Viridovix.

Sabinus alijifungia ndani ya ngome yake juu ya kilima, akakataa kutoka. Siku baada ya siku Viridovix alimletea jeshi na kumtukana. Sabinus akanyamaza, hata askari wake mwenyewe wakaanza kumnung'unikia. Kisha akamchagua Mgallia mmoja mwerevu, akamwahidi zawadi nono, akamtuma kwa adui ajifanye mtoro. Mtu huyo akawaambia: Warumi wameingiwa na hofu, usiku wa leo watatoroka.

Makabila yaliyasadiki maneno hayo, kwa kuwa ndiyo waliyotaka kuyasikia. Walikusanya kuni na matawi ya kufukia mahandaki, wakapanda kilima mbio, na huo ulikuwa mwendo wa kiasi cha maili moja. Walipofika juu walikuwa hawana pumzi, na mikono yao imejaa mizigo. Hapo Sabinus akafungua milango miwili kwa mara moja. Waliokuwa na silaha begani hawakupata nafasi ya kuzishika, na wapanda farasi wa Kirumi wakawafuata waliokimbia. Askari aliyewahi kufundishwa umuhimu wa habari za hakika kabla ya shambulio hana haja ya kuelezwa zaidi.

Wataalamu wanakadiria kwamba hazina ya Jersey ilizikwa baina ya mwaka 50 na mwaka 30 kabla ya Kristo. Fikra iliyoshika nguvu kwa muda mrefu ni kwamba watu wa pwani, wakiona dola ya Roma inazidi kuwasogelea, walivuka bahari na mali yao wakaificha kisiwani. Jersey ilikuwa karibu, nayo ilikuwa nje ya njia ya majeshi. Hazina nyingine za namna hiyo zimewahi kupatikana kisiwani humo, mmojawapo ukiwa mzigo wa sarafu zaidi ya 10,000 ulioonekana mwaka 1935, na mwingine uliofukuliwa mwaka 1957 katika sehemu hiyo hiyo ya Grouville. Kwa hiyo hawakuwa watu wa nyumba moja tu waliofikiri hivyo. Jamii nzima ilikuwa ikizika, na jamii nzima ikakosa kurudi.

SARAFU MOJA BAADA YA NYINGINE

Kulifungua donge hilo lilikuwa jambo la subira kama ya wale wawili waliolitafuta. Kazi iliongozwa na mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale wa makumbusho ya Jersey, Neil Mahrer, pamoja na kundi la watu waliojitolea. Kuanzia mwaka 2014 waliziondoa sarafu moja moja. Kabla ya kuiondoa sarafu, mahali pake palipimwa kwa miali ya leza na kuandikwa katika kompyuta, ili hata baada ya donge kwisha liweze kuonekana tena zima katika picha. Umma uliruhusiwa kutazama kazi hiyo kupitia ukuta wa kioo.

Sarafu ya mwisho iliondolewa mapema mwaka 2017. Hesabu ilifika 69,347. Hakuna hazina ya sarafu za Kikelti inayojulikana iliyo kubwa kuliko hiyo. Aidha, ndani ya donge mlikuwa na mapambo mazito ya shingoni ya dhahabu iliyosokotwa, shanga za kioo, na mabaki ya mfuko wa ngozi.

Kwa nini mapimo hayo yote? Kwa sababu sarafu iliyo peke yake ni bubu. Ikijulikana ilikuwa juu au chini, karibu na mapambo au mbali nayo, ndani ya mfuko au nje yake, huanza kusema. Waliokuwa na haraka walimimina mali kwa mara moja au walirudi mara mbili, mara tatu? Ilikuwa ya mtu mmoja au mchango wa wengi? Maswali hayo hujibiwa na mahali, hayajibiwi na dhahabu.

Mwaka 2021 Serikali ya Jersey iliinunua hazina hiyo kutoka kwa Ufalme, uliokuwa na haki nayo kwa sheria ya zamani, kwa pauni 4,250,000, ili ibaki kisiwani daima na watoto wa wakulima waione.

WEZI WA USIKU

Laiti mambo yangekuwa hivyo kila mahali. Katika kijiji cha Wanborough, jimbo la Surrey huko Uingereza, watu wawili waliokuwa wakitumia vyombo vyao waliona sarafu za Kikelti mwaka 1983. Nao walikuwa waaminifu, wakaenda kutoa taarifa kwa wataalamu. Lakini shauri lilipofikishwa mbele ya afisa wa serikali mwenye kusikiliza mambo ya hazina, mahali penyewe palitajwa hadharani.

Haukupita muda, wezi wakaingia. Walikuja usiku kwa makundi, na taa na majembe, wakachimba mashimo juu ya mashimo. Maelfu ya sarafu yalitoweka, yakauzwa kwa siri huku na huko. Mwaka 1985 wataalamu wa jimbo walichimba kwa haraka ili kuokoa kilichobaki, wakagundua kwamba pale palikuwa na hekalu, na wakakuta hata mapambo ya kichwani ya makuhani yaliyotengenezwa kwa minyororo. Sarafu zile zilikuwa sadaka. Nani alizitoa, lini, kwa mpango gani, yote hayo yalikuwa yameandikwa katika tabaka za udongo ambazo wezi walikuwa wamezivuruga.

Polisi waliwakamata baadhi ya watu, na hapo ndipo udhaifu wa sheria ulipoonekana. Sheria ya zamani ilitaka ithibitishwe kwamba aliyeficha mali alikusudia kurudi kuichukua. Je, nani awezaye kuthibitisha nia ya mtu aliyekufa miaka elfu mbili? Tena, atoaye sadaka hakusudii kuichukua. Hukumu ya hatia iliyotolewa ikatenguliwa katika rufani. Askari polisi waliokesha mashambani waliona kazi yao ikienda bure, si kwa uzembe wao, bali kwa sababu kitabu cha sheria kilikuwa na tundu.

Tundu hilo lilizibwa. Uchungu wa Wanborough ulisukuma Bunge la Uingereza kupitisha Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika mwaka 1997 katika Uingereza na Wales. Kwa sheria hiyo, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizopatikana pamoja, zenye umri wa miaka 300 au zaidi, ni hazina, na haiulizwi tena nia ya aliyezika. Aliyeziona hupewa siku 14 kutoa taarifa; akificha, aweza kufungwa. Akitoa taarifa, na nyumba ya makumbusho ikazinunua, hulipwa thamani yake, na kwa desturi malipo hugawanywa nusu kwa nusu baina yake na mwenye ardhi.

Matunda yake yameonekana. Mwaka 2008 sarafu 840 za dhahabu za kabila la Iceni zilipatikana karibu na Wickham Market, Suffolk. Taarifa ilitolewa, wataalamu wakachimba, na mwaka 2011 makumbusho ya Ipswich yakazinunua kwa pauni 316,000. Uaminifu ulilipwa, na elimu haikupotea.

DAKIKA TISA ZA MANCHING

Hata hivyo, kuifikisha hazina makumbusho si mwisho wa ulinzi. Huko Manching, Ujerumani ya kusini, sarafu 483 za dhahabu za Kikelti zilifukuliwa na wataalamu mwaka 1999. Usiku wa tarehe 22 Novemba 2022 wezi walikata nyaya za mawasiliano ya mji, hata kengele ya hatari isiweze kuwafikia polisi. Waliingia na kutoka kwa muda wa dakika tisa.

Polisi wa Ujerumani waliwafuata kwa subira hadi wakawatia mbaroni mwezi Julai 2023, na mwaka 2025 mahakama ya Ingolstadt ikawatia wezi hatiani. Lakini mmoja wao alipokamatwa, alikutwa na vinyama vya dhahabu iliyoyeyushwa. Vipimo vilionyesha kwamba zilikuwa sarafu. Sura za kale zilizodumu miaka elfu mbili ziliishia katika chungu cha moto, ili zipatikane gramu chache za kuuza. Sehemu kubwa ya sarafu zile haijarudi.

Mwizi wa namna hii hutajirika kwa kidogo sana. Aliyoipoteza jamii haiwezi kupimwa kwa mizani ya sonara.

MAMBO YA NYUMBANI

Huenda mama mmoja akauliza: haya ya Ulaya yatuhusu nini? Yatuhusu. Mwaka 1984, katika uchimbaji wa Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa zimepigwa kwa majina ya watawala wa pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, akiwa lindoni katika visiwa vya Wessel, aliokota mchangani sarafu tisa, tano kati yake zikiwa za shaba za masultani wa Kilwa. Kijana yule aliziweka tu katika kopo, lakini alifanya jambo moja la busara: alitia alama katika ramani mahali alipoziokota. Zilipopelekwa kwa wataalamu mwaka 1979, alama hiyo ndiyo iliyozipa maana.

Kwa hiyo mtoto akija jikoni na kipande cha mviringo alichookota akilima, yafaa wazazi wakumbuke haya:

Kisisuguliwe. Akina mama hodari wa kung'arisha sufuria kwa majivu, mchanga na ndimu wauzuie mkono wao. Asidi ya ndimu na ukali wa mchanga hula sura na maandishi, na kilichodumu karne nyingi huharibika kwa dakika moja.

Kiwekwe mahali pakavu, ndani ya karatasi safi au kitambaa laini, mbali na vitu vingine vya chuma.

Paandikwe mahali kilipopatikana: shamba la nani, hatua ngapi kutoka mti gani, kina gani, na siku gani. Wasichimbe zaidi kwa kutafuta wenzake.

Taarifa ipelekwe kwa wenye mamlaka na kwa nyumba ya makumbusho. Habari hiyo isitangazwe sokoni, tusije tukawaita wezi wa Wanborough.

Na la mwisho, lililo kubwa kuliko yote: mahali palipowahi kupiganwa vita, si kila kilacho ardhini ni sarafu. Mtoto akiona kitu cha chuma asichokijua, chenye kutu, cha mviringo au chenye mabawa, asikiguse, asikirushie jiwe, bali arudi alikopita na kumwita mtu mzima, naye awaite askari. Chombo cha Kosacki kiliundwa kwa ajili ya hatari hiyo, kabla ya kutumika kwa hazina.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na Mead na Miles wanastahili methali hiyo. Lakini thamani yao haikuwa katika miaka thelathini ya kutafuta. Wengi wangeweza kutafuta miaka thelathini. Ilikuwa katika dakika ile moja ambapo jembe lilitoka na sarafu, nao wakaliweka chini.

Leo sarafu za Wacoriosolites ziko mahali penye ulinzi, zimesafishwa, zimehesabiwa. Waliozizika hawakupata kaburi lenye jina, wala mwimbaji wa kuwasifu. Adui yao ndiye aliyeandika habari za vita vyao. Walichoacha ni shimo moja walilolichimba kwa haraka, wakalifunika vizuri, wakalitazama mara ya mwisho, kisha wakaondoka na watoto wao. Kwa kuwa walioliona walikuwa waaminifu, sasa twajua kwamba walipita hapo.

Basi, ndugu askari uliye lindoni, na wewe mama uliye shambani, siku ardhi itakapokufunulia kitu cha watu waliotangulia, kumbuka kwamba yuko aliyekizika akitarajia kurudi. Mtunzie amana yake.